Kuazima na kukopa: Vitenzi viwili vinavyotenganisha gorogoro na mahindi

MWEZI wa Juni, mahindi yangali mabichi mashambani na ghala halina kitu ila vumbi, mama wa Mautuma anayekwenda kwa jirani kutafuta chakula huwa na haja mbili kwa mara moja. Anahitaji mahindi ya kusaga. Anahitaji pia chombo cha kuyapimia na kuyabebea, ule mkebe wa takriban kilo mbili ambao wakazi wa magharibi mwa Kenya huuita gorogoro. Akitoka huko na mkebe uliojaa, amefanya mambo mawili ambayo Kiswahili sanifu huyapa vitenzi viwili tofauti. Gorogoro ameiazima. Mahindi ameyakopa.

Gorogoro itarudi kwa mwenyewe kesho yake asubuhi, mkebe ule ule, pengine na kovu lile lile la kuanguka jikoni. Mahindi hayatarudi kamwe. Yatasagwa, yatasongwa ugali na kuliwa na watoto kabla ya jua kuchwa. Kitakachorudi baada ya mavuno ni mahindi mengine, yaliyoota katika shamba jingine, ya kipimo kile kile.

Mzungumzaji wa Kiingereza angesimulia kisa hicho chote kwa vitenzi viwili pia, lakini angevigawa kwa njia nyingine kabisa. Mama angetumia 'borrow' kwa mkebe na kwa nafaka bila kubagua. Jirani naye angetumia 'lend' kwa vyote viwili. Kiingereza huuliza: nani anatoa, nani anapokea? Kiswahili huuliza kwanza: ni kitu gani kitakachorudi? Swali la nani katoa na nani kapokea hakilipuuzi, bali hulikabidhi sarufi ilijibu kwa viambishi.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi, wanafunzi darasani, waandishi wa habari mezani, na hata wanakijiji wanaoandikiana hati za mashamba. Kwa kuwa lugha hizi mbili hazikukata kitambaa mahali pamoja, anayetafsiri neno kwa neno hujikuta na kipande cha kanzu kilichoshonewa suruali.

Mautuma ni mahali pafaapo kuitazama tofauti hiyo. Ni wadi mojawapo ya eneobunge la Lugari, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, nchi ya mahindi yanayopandwa mvua ya masika inapoanza Machi au Aprili na kuvunwa kuelekea mwisho wa mwaka. Ardhi ya huko ilikuwa ya walowezi wa Kizungu hadi serikali ilipoinunua na kuwagawia wakulima wadogo katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Waliohamia walitoka sehemu mbalimbali za Uluhyani, kila mmoja na lahaja yake, wakawa majirani na watu wa makabila mengine. Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya baraza, na Kiingereza kikangoja shuleni. Na kutoka mwezi wa Mei hadi mavuno, kila boma lina kitu lililochukua kwa mwenzake: jembe, gunia, plau ya ng'ombe, baiskeli, mbolea, sukari, karo ya mtoto.

Katika orodha hiyo, mwenye kukijua Kiswahili barabara hapati taabu. Jembe, plau na baiskeli huazimwa. Mbolea, sukari na karo hukopwa. Gunia huazimwa likiwa tupu, lakini likiwa limejaa, kilichomo ndani hukopwa. Kanuni ni moja: kisichoisha kwa kutumiwa huazimwa, kinachoisha hukopwa.

Methali mbili zimeihifadhi kanuni hii vizuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakusema nguo ya kukopa, kwa sababu nguo hurejeshwa yenyewe, na aibu yake ni kwamba mwenye nguo aweza kuidai wakati wowote, hata katikati ya shughuli. Walisema tena kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo hawakutaja kuazima, kwa kuwa pilau ya harusi imekwisha kuliwa, wageni wamekwenda zao, na sasa inatafutwa fedha nyingine ya kulipia kilichokwisha, wala mtu hana moyo wa furaha tena. Badilisha vitenzi katika methali hizo uone jinsi zinavyopoteza makali.

Wanasheria wa Roma ya kale waliiona tofauti hiyo hiyo, wakaipa mikataba miwili. Mkataba wa kuazimana kitu cha kurudishwa chenyewe waliuita commodatum, na wa kukopeshana nafaka, mafuta, mvinyo au fedha waliuita mutuum. Sheria ya Kiislamu nayo hutenganisha ariya na kardhi, na kutokana na hilo la pili Waswahili walipata neno karadha, ambalo bado liko hai katika Pwani. Kwa hiyo Kiswahili hakiko peke yake, na wala si udhaifu wa lugha kwamba hakina neno moja linalolingana kikamilifu na 'borrow'.

Tofauti yenyewe si ya maneno matupu. Ng'ombe wa kulimia aliyeazimwa akipigwa na radi bila kosa la aliyemchukua, Warumi walisema hasara ni ya mwenye ng'ombe, kwa sababu hakuacha kuwa mali yake hata siku moja. Mahindi yaliyokopwa yakiliwa na panya usiku ule ule, hasara ni ya mkopaji, kwa sababu yalikuwa mali yake tangu yalipomiminwa ndani ya mfuko wake. Deni halipungui kwa punje moja. Wazee wanaoamua kesi za majirani hufikia uamuzi wa namna hiyo bila kufungua kitabu chochote cha Kilatini, mradi wameelezwa sawasawa lililotendeka.

Turudi kwenye sarufi, maana ndiko kwenye matatizo.

Kitenzi kukopa hutaja upande mmoja tu, ule wa mpokeaji. Ili kuutaja upande wa mtoaji, Kiswahili hukitia katika kauli ya kutendesha, kikawa kukopesha. Mwendo huu ni wa kawaida na una ndugu wengi: anayekodi nyumba na anayeikodisha, anayepanga chumba na anayekipangisha, anayesoma na anayesomesha. Kwa hiyo kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa maneno mawili yasiyo na nasaba, Kiswahili huifanya kwa shina moja na silabi ya ziada. Silabi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua nani atadaiwa.

Hebu fikiria kichwa cha habari kisemacho 'Benki kukopa wakulima wa Lugari'. Mwandishi alikusudia kuleta habari njema, kwamba benki itawapa wakulima mikopo. Alichoandika ni kwamba benki, kwa dhiki zake, itawaendea wakulima na kuchukua fedha zao. Kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hasa nafasi inapokuwa finyu na herufi zinahesabiwa. Kichwa kitakuwa kifupi kwa herufi tatu, na wadeni watakuwa wamebadilishana viti.

Kauli nyingine nazo zina mitego yake. Kukopea ni kukopa kwa niaba ya mtu: baba aliyemkopea mwanawe karo ndiye atakayelipa. Baba aliyemkopesha mwanawe karo ndiye atakayelipwa. Kukopwa ni kwa kile kilichochukuliwa, ndiyo maana husemwa 'fedha zilizokopwa', lakini mwenye duka akilalamika kwamba 'amekopwa sana' msikilizaji hupaswa kufahamu kuwa yeye ndiye mdai, bidhaa zake zimetoka na fedha hazijaingia. Aliyekopeshwa ndiye mdaiwa. Kukopeshana ndiyo roho ya vyama vya akina mama vya mzunguko, ambamo kila mmoja huwa mdai leo na mdaiwa mwezi ujao. Lugha ina pia kitenzi cha zamani, kuwia, na majina yake mwia na mwiwa, yaani mwenye kudai na mwenye kudaiwa. Inasikitisha kwamba yamekaribia kusahaulika, kwa maana yangewafaa sana wahariri wa kurasa za biashara.

Kuazima ni habari nyingine. Kitenzi hiki, tofauti na kukopa, hutazama pande zote mbili bila kubadilishwa umbo. Mtu huazima kitabu kwa rafiki yake, na rafiki yake humwazima kitabu. Kamusi huzikubali maana zote mbili, na linaloonyesha mwelekeo ni kiambishi cha mtendewa tu. 'Aliazima jembe' ni mpokeaji. 'Alimwazima jembe' ni mtoaji. Wapo wanaotumia kuazimisha kwa maana ya kutoa, na kamusi hazikatai, lakini wasemaji wengi hawaoni haja ya kuongeza silabi hizo.

Pengine sentensi fupi kuliko zote inayoonyesha jambo hili ni hii: 'Niazime kitabu chako.' Ichambue utakavyo, ina uchambuzi wa aina mbili. Kwanza, ni- ya mwanzo yaweza kuwa kiambishi cha mtenda, na maana ikawa ombi la msemaji kuhusu kitendo chake mwenyewe: naomba mimi nikiazime kitabu chako. Pili, ni- hiyo hiyo yaweza kuwa kiambishi cha mtendewa, kile ambacho walimu wa sekondari hukiita shamirisho kitondo, na kitenzi kikawa katika amri: wewe, niazime mimi kitabu chako. Sikio haliwezi kutofautisha, na jicho pia haliwezi, kwa kuwa hakuna hata herufi moja inayobadilika. Anayeombwa naye hana haja ya kujua ni ipi, kwa sababu matokeo ni yale yale. Lugha inayowazoesha watoto wake sentensi kama hiyo haiwezi kuwashangaa wakikua bila kuona kwa nini kutoa na kupokea vinahitaji vitenzi viwili.

Jambo hili halikuanzia Kiswahili. Katika Kiganda, lugha ya majirani wa ng'ambo ya mpaka, kwazika ni kumpa mtu kitu kwa muda, na ukitaka kusema umekipokea, unaongeza kiambishi cha kujirejea na kupata kweyazika, kana kwamba mtu amejiazima mwenyewe. Shina ni la kale la Kibantu, nalo ni lile lile la kuazima. Nje ya Afrika, Kijerumani kina leihen, kitenzi kimoja kinachobeba pande zote mbili.

Kwa hiyo mtoto wa shule Mautuma anapomgeukia mwenzake na kumwambia 'borrow me your pen', kosa alilofanya ni la Kiingereza, lakini mantiki aliyoifuata ni safi. Amelichukua 'Niazime kalamu yako' na kulivalisha nguo za kigeni kitenzi kwa kitenzi. Mwalimu anayemcheka bila kumwonyesha mahali lugha hizo mbili zinapoachana atamcheka tena wiki ijayo. Lipo la kumsaidia: 'borrow' kwa Kiingereza hakimkubali mtu awe mtendewa wake. Hukubali kitu tu, kisha mtu akaja nyuma ya kihusishi. 'Lend' hukubali vyote viwili, mtu na kitu, kama kukopesha kunavyofanya. Akielewa kwamba 'lend' hupokea watu na 'borrow' huwakataa, mwanafunzi hatakosea tena. Ni vyema aambiwe pia kwamba Waingereza wenyewe hawakuyapata maneno hayo mahali pamoja: la kwanza lilitokana na neno la kale lenye maana ya dhamana, la pili na neno la kutoa kwa muda ambalo herufi yake ya mwisho iliongezwa baadaye.

Kosa la upande wa pili, la Kiingereza kuingia katika Kiswahili, halichekwi na mtu, na kwa hiyo limeenea zaidi. Mkopaji wa zamani alikopa kwa Mhindi mwenye duka, au alikopa benki. Mkopaji wa siku hizi hukopa 'kutoka kwa' benki, kwa kuwa Kiingereza kina kihusishi chake pale. Si kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na kihusishi hicho kina manufaa pale ambapo 'kwa' pekee ingeleta utata. Hata hivyo 'alikopa kwa jirani' ni fupi, ni sahihi, na haijawahi kumpoteza msomaji.

Kukopa lenyewe lina historia yenye doa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka wa 1939, ambayo hujulikana kwa jina la Frederick Johnson, iliweka pamoja na maana ya kuchukua mali kwa deni maana nyingine ya kulaghai na kudhulumu. Mpaka kati ya anayechukua mali akiahidi kulipa na anayechukua asilipe haukuwa mpana. Maana hiyo ya pili imefifia, lakini huenda ndiyo iliyoliachia neno ukali wake, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu wengi wenye haya huomba 'waazimwe' shilingi mia mbili. Kwa kanuni iliyotajwa juu, hilo haliwezekani, kwa kuwa noti zile zile hazitarudi. Kwa adabu, linawezekana sana. Kuazima kunasema nitarudisha, na kukopa kunasema nina deni. (Asichanganye mtu kukopa huku na kopa ya karata, iliyotoka Kireno, wala makopa ya muhogo yanayoanikwa juani. Hali kadhalika azima ya mganga na maazimio ya mkutano, kuanzia Azimio la Arusha la 1967 hadi Azimio la Umoja lililogombea urais Kenya mwaka wa 2022, ni ya shina jingine la Kiarabu.)

Haya hiyo ya kulitaja deni kwa jina lake imewafikia hata wenye kampuni. Mikopo ya simu ilipoanza kushika kasi Kenya, M-Shwari ikaingia mwezi wa Novemba 2012 kwa jina la bahari iliyotulia. Kabla yake Safaricom ilikuwa tayari inatoa muda wa maongezi wa kulipwa baadaye kwa jina la Okoa Jahazi. Mwezi wa Januari 2019 ikaja Fuliza, kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kukoma, jambo ambalo mtumiaji wake huligundua baadaye. Serikali nayo ilipozindua hazina yake ya mikopo midogo tarehe 30 Novemba 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ilichagua jina la Kiingereza, Hustler Fund. Airtel nayo ilithubutu kuliita jambo kwa jina lake katika Kopa Credo. Mkulima wa Mautuma anayefuliza, anayeokoa jahazi na kutulia shwari, kwa Kiswahili cha wazee wake amekopa mara tatu.

Hata hivyo, mahali ambapo vitenzi hivi hugharimu zaidi ya aibu ni shambani.

Katika maeneo ya makazi kama Mautuma, ardhi yenyewe ilipatikana kwa mkopo. Waliogawiwa mashamba miaka ya 1960 walikopeshwa fedha na wadhamini wa hazina ya makazi, wakalipa kwa miaka mingi, na wengine wakawaachia watoto wao salio. Hapo kukopa ni neno lake: fedha zilikwisha, shamba likabaki, deni likalipwa kwa fedha nyingine. Leo mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na ni jambo la kawaida mwenye ekari mbili kumwachia jirani au shemeji nusu ekari alime msimu mmoja au miwili, bila malipo. Kikitolewa kipande hicho kwa malipo, kimekodishwa. Kikitolewa bure kwa muda, kimeazimwa. Hakiwezi kukopeshwa kwa namna yoyote, kwa kuwa ardhi hailiwi ikaisha, wala hakuna ekari nyingine ya kurudisha badala yake.

Lakini wakiandikiana, kama wanaandikiana, watu huandika nini? Aghalabu huandika 'nimempa'. Nimempa fulani nusu ekari alime. Kitenzi kupa hakisemi kama kilichotolewa kitarudi. Huweza kuwa zawadi, urithi, malipo au fadhila ya msimu mmoja. Wengine huandika 'nimemkopesha shamba', na hapo msomaji wa baadaye ataanza kutafuta deni ambalo halipo.

Uzito wa jambo hili unatokana na sheria ya Kenya inayoweka ukomo wa muda wa kufungua kesi, Sura ya 22. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyekaa katika ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, aweza kwenda mahakamani kudai atambuliwe kuwa mmiliki. Maneno yenye nguvu hapo ni 'bila ruhusa'. Aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na akaendelea kukaa kwa ruhusa hiyo, hahesabiwi miaka hiyo hata ikifika 30. Kesi za namna hii aghalabu hufika mahakamani baada ya wazee waliokubaliana kufariki, na wanaobishana ni watoto ambao hawakuwapo. Kinachobaki ni karatasi, ikiwa ipo, na kitenzi kilichomo.

'Nimemwazima fulani nusu ekari kwa msimu wa mwaka fulani' ni sentensi inayobeba ruhusa, muda na marejesho kwa pamoja. Hakuna wakili aliyehitajika kuitunga. Kinyume chake, mwenye nia ya kuhamisha haki yake katika ardhi moja kwa moja hana budi kufuata Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inayotaka mapatano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi, mbali na kibali cha bodi ya ardhi kwa mashamba ya kilimo. Kwa hiyo anayeazima asiandike kana kwamba anagawa, na anayegawa asiandike kana kwamba anaazima.

Nje ya shamba, mpaka kati ya maneno haya umebomolewa mahali pengi, na si kila mahali panafaa kujengwa upya. Kurasa za michezo ndizo mfano ulio wazi. Michael Olunga alipotoka klabu yake ya China kwenda Girona ya Uhispania mwaka wa 2017, magazeti yote ya Kiswahili yalisema amekwenda kwa mkopo. Kwa kanuni ya gorogoro na mahindi, hilo lingemaanisha kwamba Girona ingeweza kumla Olunga na kurudisha mshambuliaji mwingine wa uzito ule ule. Mchezaji huazimwa, kama vile maofisa wa serikali wanavyosemwa kuazimwa na wizara nyingine. Lakini 'kwa mkopo' imekwisha kukita mizizi viwanjani, mashabiki wanaielewa, na hakuna anayeingia hasara. Mhariri mwenye busara huiacha.

Wanaisimu nao wameingia katika mtego huo huo. Huyaita maneno yaliyotoka lugha nyingine 'maneno ya mkopo', na wengine 'maneno yaliyoazimwa'. Hakuna lililo sahihi kati ya hayo. Shule, meza na kitabu hazitarudishwa Ujerumani, Ureno wala Arabuni, wala hakuna aliyewahi kuzidai. Kiingereza nacho kilichukua safari, na Kiswahili hakikupungukiwa kitu.

Kwa upande mwingine, katika miji na mashule ya bara, kukopa kunazidi kumeza nafasi ya kuazima. Kijana humwambia mwenzake amkopeshe kalamu, amkopeshe chaja, amkopeshe koti. Huu si upotovu wa jana. Lugha ikiishi karibu na nyingine isiyotofautisha kitu cha kurudi na kitu cha kuisha, huanza kusahau kutofautisha. Kinachopotea ni ile ahadi iliyokuwa ndani ya kitenzi. Koti lililoazimwa lilikuwa na mwenyewe. Koti lililokopeshwa, kwa kitenzi chake, limebadilisha mwenyewe na kuacha deni.

Kati ya maneno yote yanayotumiwa Mautuma na kwingineko Kenya kuomba kitu, lakini, linaloshinda kwa wingi si kuazima wala kukopa. Ni kusaidia. 'Nisaidie na jembe.' 'Nisaidie na unga kidogo.' Ni neno la heshima, halimfedheheshi anayeomba na humwinua anayeombwa. Kwa jembe halina madhara, kwa kuwa kila mtu anajua jembe lina mwenyewe. Kwa unga, halisemi kama unga huo ni zawadi au ni deni, na kila mmoja huondoka mlangoni na jibu lake. Mavuno yakiingia, mama aliyesema 'nikopeshe' hupima gorogoro yake na kuipeleka. Aliyesema 'nisaidie' huendelea na kazi zake, na jirani yake hupita njiani akitazama ghala lililojaa, akitafuta neno la kuanzia.